Jibu: Binti na kikosi cha mapigano

Salaam, mama. Umeuliza iwapo binti yako aliyemaliza JKT azuiwe kuomba kikosi cha mapigano, kwa kuwa wajomba zake wanashikilia kwamba mstari wa mbele ni wa wanaume. Kwanza apimwe magoti na mgongo, maana nilipokuwa kambini niliona wavulana kwa wasichana wakikwama katika matembezi marefu chini ya mzigo uleule, huku waliojizoeza mapema na kufunga buti vizuri wakifika. Kipimo kiwe kimoja kwa wote. Hapo sikubali kulegeza. Wajomba nao wakumbushwe kwamba FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, iliunda kikosi cha wanawake mwaka 1967, na mpiganaji wake Josina Machel, aliyefariki hapa Dar es Salaam mwaka 1971, alifunzwa kijeshi Nachingwea. Binti yako akiwa ameamua mwenyewe, nakusihi umruhusu aombe.