Maswali na Majibu: Kukusanya Nyaraka za Kijeshi za Mwaka 1945

Maswali ya safari hii yanahusu karatasi zilizobaki Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipokwisha: vyeti vya kuachishwa jeshi, vitabu vya askari, vipeperushi na amri za vikosi.

Ndiyo kwanza ninaanza. Je, nitafute hati zenyewe za kusalimu amri?

Hizo waachie wenye hifadhi za nyaraka za taifa. Ujerumani ilitia sahihi mjini Reims, Ufaransa, tarehe 7 Mei 1945, kisha ikarudia Berlin usiku wa tarehe 8, na Japani ikatia sahihi juu ya manowari Missouri tarehe 2 Septemba. Zinazouzwa ni nakala za ukumbusho, ambazo ni nzuri kwa kusomwa lakini hazistahili bei kubwa. (Ukipata ya nakala waliyopewa Wajapani, itazame chini: mwakilishi wa Kanada alitia sahihi kwenye mstari usio wake, waliomfuata nao wakasogea, ikabidi majina ya nchi yakatwe na kuandikwa upya kwa kalamu.)

Anza na karatasi za askari wa kawaida. Mimi napendelea cheti cha fomu D.2, ambacho Washirika waliwapa wanajeshi wa Kijerumani walipowaachilia. Kina jina, kazi, anwani, alama za mwilini na chapa ya dole gumba la kulia, na mara nyingi kimegongwa mihuri ya ofisi alizopitia mwenyewe akitafuta kadi za chakula, kiasi kwamba unamwona mtu akirudi uraiani muhuri mmoja baada ya mwingine.

Nina kipeperushi cha kuwahimiza Wajerumani wajisalimishe, chenye sahihi ya Jenerali Eisenhower. Je, ni ya mkono wake?

La. Sahihi hiyo ilichapwa pamoja na maandishi mengine, na vipeperushi vya aina hiyo vilimwagwa kutoka angani kwa mamilioni. Kihifadhi, ila usikubali kukilipia kama sahihi.

Nitaitambuaje hati ya kughushi?

Anza na karatasi. Kemikali za kung'arisha karatasi zilienea baada ya vita, hivyo ukiimulika hati gizani kwa taa ya urujuanimno (UV) nayo ikang'aa weupe wenye ubuluu, hiyo si ya 1945. Isipong'aa bado hujathibitisha kitu, kwa sababu wapo wanaoghushi juu ya fomu tupu za zamani. Kisha pitisha kidole nyuma ya ukurasa: taipureta hubonyeza karatasi, na nukta zake pengine huitoboa kabisa, ilhali printa ya kisasa huacha maandishi bapa. Kwenye kitabu cha askari chenye picha, tazama kama duara la muhuri linaendelea bila kuvunjika kutoka kwenye picha hadi kwenye ukurasa, na kama kutu ya pini imeacha doa kwenye ukurasa unaoielekea.

Kwa maoni yangu, hata hivyo, kipimo kilicho bora kuliko vyote ni kusoma. Hatari kubwa si kitabu kilicho cha bandia chote, bali kitabu halisi kilichoongezewa nishani au jina la kikosi maarufu ili bei ipande. Aliyeongeza mstari huo kwa kawaida hakusoma kurasa nyingine, na huko utamkuta askari huyo huyo amelazwa hospitali siku anayodaiwa kuwa vitani.

Nimenunua bahasha ya karatasi za askari mmoja. Rafiki ananishauri niuze kitabu chenye picha peke yake. Nifanyeje?

Usizitenganishe. Askari wa Kijerumani alitembea na Soldbuch (kitabu chake cha malipo na utambulisho) mfukoni, na Wehrpass yake (kitabu cha kumbukumbu za utumishi wake) ikakaa kikosini mpaka aachishwe jeshi, ndipo akarudishiwa, au afe, ndipo ikapelekwa kwa familia. Zikiwa pamoja, moja huisahihisha nyingine. Tena usidhani kwamba faili lake lipo mahali fulani serikalini. Moto wa St. Louis, Marekani, wa tarehe 12 Julai 1973 uliteketeza mafaili ya wanajeshi yapatayo milioni 16 hadi 18, na mabomu yaliyoangukia London mwezi Septemba 1940 yaliunguza zaidi ya nusu ya mafaili ya askari wa Uingereza waliopigana vita vya kwanza. Pengine karatasi aliyorudi nayo nyumbani ndiyo pekee iliyosalia.

Baadhi zimechanika. Nizitie laminesheni?

Hapana, wala usiguse selotepu. Ondoa klipu na pini zenye kutu taratibu, weka kila karatasi kwenye bahasha isiyo na asidi au mfuko wa poliesta, na uepuke plastiki laini ya PVC. Maji usiyakaribishe kabisa, kwani wino wa zambarau wa mihuri huyeyuka mara moja.

Hati ninayouziwa ina muhuri wa hifadhi ya nyaraka. Ni halali?

Huenda iliuzwa kihalali, huenda iliibwa, na mali ya umma haigeuki kuwa yako kwa sababu umeilipia. Piga picha muhuri na namba ya faili, iandikie hifadhi hiyo kabla ya kutoa fedha, na jibu lao ulitunze pamoja na risiti. Muuzaji asiyetaka kungoja jibu hilo, mwachie karatasi yake.