Je, kudai hesabu kwa washirika wetu wa ng'ambo ni kukosa imani?

SWALI

Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mweka hazina wa usharika wetu. Kwa miaka sita sasa tunatuma sadaka kila robo mwaka kwa washirika wawili wa ng'ambo: kituo kinacholea watoto, na zahanati ya kanisa. Mwaka huu nilipowaomba stakabadhi, mzee mmoja wa baraza alinizuia. Alisema sadaka ikishatoka mkononi ni ya Mungu, na kwamba Yesu alikataza mkono wa kushoto kujua ufanyalo wa kuume. Mzee mwingine anataka tuache kabisa kutuma, tuhudumie kwanza wahitaji wa kwetu. Tena waumini wameleta maboksi ya nguo na dawa, hatujui tuyafanyeje. Naomba mwongozo wa Maandiko na wa utendaji pia.

JIBU

Amina, mpendwa. Nianze na huo mkono wa kushoto, maana aya hiyo imewanyamazisha waweka hazina wengi bila sababu.

Mathayo 6:3 haisomwi bila mstari wa 2. Yesu anamsema mtu anayepigiwa panda anapotoa sadaka ili watu wamtukuze. Onyo linamhusu mtoaji na kiu yake ya sifa. Wewe hapo si mtoaji. Ni wakili wa fedha za wengine, na wakili, kwa 1 Wakorintho 4:2, hutakiwa aonekane kuwa mwaminifu. Aonekane: haitoshi awe mwaminifu moyoni tu. Mama aliyetia bahasha yake kimya kimya ametimiza Mathayo 6. Mweka hazina asiyejua bahasha ile iliishia wapi hajatimiza andiko lolote.

Sasa mtazame Paulo alivyousimamia mchango kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu. Katika 1 Wakorintho 16:1-4 anaagiza kila mtu aweke akiba siku ya kwanza ya juma kadiri ya kufanikiwa kwake, ili michango isianze kuhangaikiwa yeye akifika. Kisha anasema watakaoibeba zawadi ni wale watakaothibitishwa na Wakorintho wenyewe, tena wakiwa na barua. Yeye, mtume, hakuomba akabidhiwe mfuko. Katika 2 Wakorintho 8 anamtuma Tito pamoja na ndugu wawili, mmoja wao akiwa amechaguliwa na makanisa, na sababu anaitaja wazi katika mstari wa 20 na 21: mtu asije akawalaumu kwa habari ya fedha hizo, kwa kuwa wanaangalia yaliyo mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu vilevile. Safari yenyewe ilipofika, Matendo 20:4 inataja watu saba kwa majina, kutoka Beroya, Thesalonike, Derbe na Asia, na wafasiri wengi huwaona kuwa ni wajumbe wa makanisa yaliyochanga. Kama wingi wa mashahidi ni kukosa imani, basi Paulo alikosa imani sana.

Kuhusu stakabadhi yenyewe, soma Wafilipi 4:15-18. Paulo anaushukuru usharika uliomtumia msaada kutoka mbali, na anatumia lugha ya sokoni: "kutoa na kupokea". Anaposema amepokea vyote kwa mkono wa Epafrodito, neno lake la Kigiriki, apekho, ni lilelile wafanyabiashara wa zama hizo waliloliandika kwenye hati za malipo: nimepokea kamili. Yaani katikati ya barua ya shukrani mtume anawaandikia risiti. Msomee mzee wako mistari hiyo kwa upole.

Mzee wa pili ana hoja nusu. Wagalatia 6:10 inatutaka tuwatendee watu wote mema, hasa jamaa ya waaminio. Haiweki mpaka wa nchi. Na 1 Timotheo 5:8, ambayo hutajwa sana katika mjadala huu, inahusu mtu anayewatelekeza wa nyumbani mwake, wakiwamo wajane wa familia yake. Haihusu usharika kugawa bajeti yake. Antiokia lilikuwa kanisa changa waliposikia njaa inakuja, nao wakaamua kila mtu kadiri ya alichonacho apeleke msaada Uyahudi (Matendo 11:27-30). Hata hivyo Paulo anaonya katika 2 Wakorintho 8:13 kwamba hataki wengine wapate raha na watoaji wapate dhiki, anataka usawa. Kwa hiyo fungueni bajeti yenu mtafute fungu la wahitaji wa hapo hapo. Mara nyingi anayepaza sauti kwamba wa kwetu kwanza hajawahi kudai fungu hilo liwepo. Kama halipo, liwekeni mwaka huu, na la ng'ambo libaki. Mkilikata la ng'ambo bila kuweka la nyumbani, fedha zitaishia kwenye viti na vipaza sauti.

Tuje kwenye utendaji. Fedha ziende kwenye akaunti yenye jina la taasisi, inayotiwa saini na watu wasiopungua wawili wasio mume na mke wala ndugu. Akaunti ya mtu binafsi, hata akiwa askofu, hapana. Si kwa sababu ni mwizi. Anaweza kufariki, na siku hiyo fedha za zahanati zinakuwa mirathi. Ombeni nakala ya cheti cha usajili, majina ya kamati yao, na bajeti ya mwaka mzima inayoonyesha wafadhili wengine. Bajeti inayoonyesha ninyi peke yenu ni ya kuulizia.

Kisha andikeni makubaliano ya ukurasa mmoja au miwili: kiasi, tarehe za kutuma, fedha ni za nini, taarifa itakuja lini na itakuwa na nini, na nini kitafanyika upande mmoja ukishindwa. Wao pia watie masharti yao humo. Muuguzi anayelipwa kwa sadaka yenu hula kila mwezi. Mkichelewa robo moja kwa sababu kamati haikukaa, yeye amekopa. Mimi huona ni heri ahadi ndogo inayofika kwa tarehe yake kuliko kubwa inayofika ikitaka.

Hapa kwenye kutuma ndipo ugomvi mwingi huzaliwa. Mmetuma 3,000, wao wanaandika wamepokea 2,946, na mtu katika baraza anaguna. Huenda hakuna aliyeiba hata senti. Benki yenu na ya kwao zisipokuwa na uhusiano wa moja kwa moja, fedha hupita benki ya kati, nayo hukata ada yake njiani. Fomu ya benki huuliza nani abebe gharama: mtumaji zote, mpokeaji zote, au kila mmoja upande wake. Chagueni mtumaji alipe zote, ingawa hata hapo benki ya mpokeaji huweza kukata chake. Gharama nyingine imejificha kwenye kiwango cha kubadilishia fedha: benki inayotangaza "bila ada" hulipwa kwa kuwauzia kwa kiwango kibaya. Linganisheni na kiwango cha soko cha siku hiyo. Na kwa kuwa ada nyingi hutozwa kwa kila muamala, kutuma mara mbili kwa mwaka badala ya nne huokoa kitu, ilimradi mshahara wa yule muuguzi uwe umehesabiwa.

Jina la mpokeaji liandikwe kama lilivyo benki, herufi kwa herufi. "Zahanati ya Mt. Luka" na "Zahanati ya Mtakatifu Luka" ni jambo moja kwako, lakini benki inaweza kurudisha fedha baada ya wiki mbili zikiwa zimekatwa ada za kwenda na kurudi. Sababu ya malipo iandikwe waziwazi, mfano "mishahara ya wauguzi, robo ya kwanza", wala msiandike "zawadi". Benki zina wajibu wa kuzuia utakatishaji wa fedha, na neno lisiloeleweka huamsha maswali. Na ikija barua pepe kwamba mshirika amebadilisha akaunti, msitume kitu mpaka mmempigia mtu mnayemjua kwa namba mliyokuwa nayo zamani, wala si ile iliyoandikwa kwenye barua hiyo. Makanisa yameibiwa sana kwa njia hii: mhalifu anaingia kwenye barua pepe ya mshirika, anasoma mazungumzo yote, anajua hata mnavyosalimiana, kisha anasubiri wiki ya kutuma.

Taarifa ikija, msiisome kama polisi wala kama mgeni wa heshima. Linganisha namba tatu: kilichotumwa, kilichoingia kwenye taarifa ya benki yao, na kilichotumika. Kisha chukua stakabadhi zenyewe. Ukiona risiti za Januari, Machi na Juni kutoka duka moja zina namba 0141, 0142 na 0143, basi ama duka hilo halina mteja mwingine, au mtu ana kitabu cha risiti nyumbani kwake. Angalia pia 3 iliyonenepeshwa ikawa 8. Lakini usidai risiti ya mashine kwa mama anayeuza mboga sokoni, hana. Hapo inatosha hati ya malipo: tarehe, kitu, kiasi, saini au dole gumba la muuzaji, na saini ya shahidi. Taarifa isiyo na kasoro hata moja nayo mimi huitilia shaka kidogo. Matumizi ya kweli huwa na bei iliyopanda na kitu kilichokosekana.

Fedha iliyotolewa kwa jambo maalumu ikae kwenye safu yake daftarini. Watu wakichangia kisima, na kisima kikapata mfadhili mwingine, hamna mamlaka ya kuihamishia kwenye paa la kanisa. Rudini kwa watoaji mkawaulize. Njia ya kujikinga ni kutangaza kabla ya kuchanga: kikizidi au kisipohitajika, kitakwenda kwenye kazi nyingine ya mshirika huyohuyo.

Maboksi. Dawa kwanza: msipeleke dawa zilizobaki majumbani mwa waumini. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka dawa za msaada ziwe zimeombwa na mpokeaji, ziwe na lugha anayoisoma, na zifike zikiwa na walau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda. Boksi lenye vidonge vya watu kumi na saba, nusu pakiti kila moja, litaipa zahanati kazi ya kuchambua na gharama ya kuteketeza. Zirudisheni duka la dawa. Vifaa vya umeme navyo vina mtego: mashine ya volti 110 ikichomekwa kwenye volti 230 bila kibadilishi huungua mara moja, na isiyo na vipuri huko iendako ni samani tu. Nguo zinaweza kwenda ikiwa mshirika ameziomba kwa maandishi na amethibitisha msamaha wa ushuru kabla meli haijaondoka. Kontena likikwama bandarini, tozo za kuhifadhi huhesabiwa kwa siku, na hufika mahali zikazidi thamani ya vilivyomo. Mkiziuza nguo zote hapo kwenu na kutuma fedha, mshirika atanunua kwa fundi wake mwenyewe.

Kuhusu kituo cha watoto, nina jambo ambalo hukuuliza. Watoto wengi walio katika vituo duniani wana angalau mzazi mmoja aliye hai, na kilichowafikisha pale ni umaskini. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya malezi mbadala, iliyopitishwa mwaka 2009, inataka umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtoa mtoto kwao. Waulizeni washirika wenu wangapi wana wazazi au ndugu, na mpango wa kuwarudisha ukoje. Kituo kizuri kina jibu tayari, na sadaka yenu inaweza kuhamia kwenye ada za shule na chakula mtoto akiwa kwa bibi yake. Kituo kinacholipwa kwa kila kichwa cha mtoto hakina haraka ya kumrudisha yeyote. Picha za watoto zenye majina kamili na mahali walipo zitoeni ukutani leo.

Uwajibikaji huu ni wa pande mbili. Kipriano, askofu wa Karthago huko Afrika Kaskazini katika karne ya 3, alipotuma sesterse 100,000 (sarafu za Kirumi) kwa maaskofu wa jimbo jirani la Numidia wawakomboe Wakristo waliotekwa, aliambatanisha majina ya waliochanga ili wapokeaji wawakumbuke katika maombi. Wapokeaji nao walikuwa na kitu cha kurudisha. Basi wapeni washirika wenu hesabu zenu pia: kiasi gani kilichangwa kwa jina lao na kiasi gani kilibaki kwenu kwa gharama. Mkiona aibu kuwaonyesha, mmeshajua tatizo liko upande gani.

Barua ya kuomba hesabu isiwe na harufu ya tuhuma, hasa baada ya miaka sita ya kimya, maana waliozembea ni ninyi pia. Mnaweza kuandika hivi: "Ndugu zetu katika Bwana, tarehe 5 tulituma 3,000 kwa ajili ya mishahara ya wauguzi, na nakala ya hati ya benki tumeiambatanisha. Tafadhali tuandikieni kiasi kilichoingia kwenye akaunti yenu, maana benki hukata njiani nasi tunataka kujua ni kiasi gani. Hatukuwahi kuwaletea hesabu zetu za mchango huu tangu tuanze, na hilo ni kosa letu. Za miaka sita ziko ndani ya bahasha hii. Nasi tunaomba zenu za mwaka uliopita, hata kama baadhi ya stakabadhi zimepotea. Zilizopotea ziorodhesheni tu kwenye karatasi, kamati yenu itie saini."