Muulize Fundi: Mashine moja, majina mawili

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni wa Mombasa, sasa naishi Leicester, Uingereza. Nimenunua mnadani mashine ndogo ya kukerezea, ya zamani sana. Muuzaji alisema ni Drummond aina ya M. Rafiki yangu akaitazama, akasema hii ni Myford. Nani kanidanganya? Na je, nikihitaji bolti na nati, ninunue za kipimo gani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hujadanganywa na mtu. Wote wawili wanaweza kuwa wamesema kweli.

Aina ya M ilibuniwa na Drummond Brothers, wa karibu na Guildford, kusini-magharibi mwa London. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, serikali ya Uingereza iliwataka Drummond waelekeze nguvu kwenye mashine kubwa za viwandani. Lakini hiyo ndogo nayo bado ilihitajika. Kazi ya kuitengeneza ikahamishiwa Myford, kampuni iliyoanzishwa na Cecil Moore mwaka 1934 pale Beeston, Nottingham, si mbali na unapoishi. Myford walikuwa wazoefu wa mashine ndogo, na mwaka 1946 wakaja na mashine ya kukerezea yao wenyewe, ML7.

Watu hudhani ruhusa ya namna hii, ya kutengeneza kitu kilichobuniwa na mwingine, ni karatasi na sahihi tu. Mimi nimeshika tindo na tupa maisha yangu yote, na nakwambia karatasi ndiyo sehemu nyepesi. Anayepokea kazi anahitaji michoro, vielelezo vya kusubia chuma, vifaa vya kushikilia kazi, na zile siri ndogo ambazo fundi wa kwanza hakuziandika popote kwa kuwa mikono yake inazijua.

Tazama Packard, kampuni ya magari ya Detroit, Marekani. Septemba 1940 walikubali kutengeneza injini ya ndege ya Merlin, mali ya Rolls-Royce. Iliwabidi kuchora michoro upya, maana Waingereza na Wamarekani hawapangi sura za kitu kwenye karatasi kwa namna moja. Kisha hesi, yaani yale meno ya bolti na nati! Injini ilitumia hesi za Kiingereza, na Packard hawakuzibadilisha, ili kipuri cha Detroit kiingie kwenye injini ya Uingereza bila tatizo. Ikabidi wajitengenezee wenyewe tapu na dai za kukatia hesi hizo. Injini za kwanza zilitoka Agosti 1941, na hadi mwisho walizitengeneza zaidi ya 55,000. Kila nikiifikiria kazi ile, nawavulia kofia.

Hapo ndipo penye jibu la swali lako la bolti. Nilipokuwa kijana niliwahi kulazimisha nati ya Kimarekani ya nusu inchi kwenye bolti ya Whitworth, kile kipimo cha hesi cha Kiingereza. Ilizunguka kidogo, ikauma, nami nikaongeza nguvu ya spana. Bolti ikaharibika, na mashine ya watu ikalala siku mbili. Whitworth ya nusu inchi ina meno 12 kwa kila inchi, ya Kimarekani ina 13. Pembe ya jino nayo ni nyuzi 55 kwa Whitworth, 60 kwa Mmarekani. Hata robo inchi, ambayo zote zina meno 20, pembe bado ni tofauti. Taabu kama hizo za wakati wa vita zilichangia Marekani, Uingereza na Kanada kukubaliana juu ya hesi moja mwaka 1948.

Mashine yako ni ya kabla ya makubaliano hayo, iwe ilitoka Guildford au Beeston. Usikimbilie bolti za milimita. Nunua geji ya hesi ya Whitworth, fungua nati moja isiyobeba mzigo, isafishe kwa mafuta ya taa, uipime. Kisha soma maandishi kwenye mwili wa mashine, uniandikie ulichokikuta kabla hujalipia kipuri chochote.