Kabla Hujaandika Kadi ya Manda

Wadogo zangu mnaoanza kazi kwenye stoo za makumbusho, siku mtakapofungua sanduku lenye manda, vazi la kichwani la Wahuli wa Papua New Guinea, msikimbilie kalamu. Mimi nilikimbilia. Mwaka wangu wa kwanza niliandika kwenye kadi "kofia ya manyoya", nikaenda kula. Baadaye alikuja mzee wa Kihuli kutazama vitu vya kwao. Aliisoma kadi ile taratibu, akauliza kwa upole, "Nywele hizi ni za nani?" Sikuwa na jibu.

Manda si kofia. Ni nywele za mtu. Kule Hela, nyanda za juu za Papua New Guinea, kijana ambaye hajaoa huondoka nyumbani, akaishi na mwalimu wake mbali na wanawake kwa takriban mwaka mmoja na nusu. Mara kadhaa kwa siku hunyunyizia nywele maji, zikisomewa maneno ya kiganga. Usiku halazi kichwa: huegemeza shingo kwenye kigogo, nywele zisibonyee. Zikikomaa hukatwa, zikashonwa juu ya fito zilizopindwa.

Kwa hiyo anza kwa kuigeuza, utazame ndani, uone mshono na mkono wa aliyeshona. Iliyopakwa udongo mwekundu ni ya sherehe. Kipande cha buluu kinachong'aa hapo mbele ni kifua cha ndege wa peponi. Halafu tafuta unyoya mrefu, mwembamba kama waya, wenye vibati vya samawati vilivyopangana upande mmoja. Ni wa ndege wa peponi aliyepewa jina la Mfalme wa Saxony, na dume huwa na nyoya hizo mbili tu kichwani. Ukihesabu sita, hapo kuna madume wasiopungua watatu. Andika idadi.

Vaa glavu, na usinuse: zamani makumbusho mengi yalipaka manyoya aseniki kuzuia wadudu, na sumu hiyo haipotei.

Jambo ninalowasihi sana ni hili: msiandike "walivaa". Wamisionari walipoingia miaka ya 1950 mafunzo ya makapera yalififia, lakini walimu wa manda bado wapo, na Wahuli wanacheza nazo kwenye maonyesho ya Goroka na Mount Hagen.

Kadi yangu niliiandika upya: "Nywele za mwanaume wa Kihuli. Aliyezichukua hakuandika jina la mwenye nywele."