Maharage kwa mwenye kisukari
Dada uliyeuliza kama mama yako mwenye kisukari aache maharage: hapana, aendelee. Nusu kikombe cha maharage yaliyoiva kina wanga gramu 20 hivi, lakini nyuzinyuzi zake hupunguza kasi ya sukari kuingia kwenye damu. Kinachompandisha sukari ni mlima wa wali chini yake. Wali au ugali robo ya sahani, maharage robo, nusu iliyobaki mchicha au kabichi.

Loweka usiku kucha, mwaga maji, kisha yachemke kwa moto mkali angalau dakika 10 ndipo upunguze. Mekundu yasiyoiva vizuri hutapisha na kuharisha. Akiwa anachoma insulini, asikate wanga ghafla bila daktari kurekebisha dozi, sukari inaweza kushuka mno. Figo zikiwa na shida, amuulize daktari kwanza kuhusu potasiamu, madini yaliyomo kwenye maharage.