Mimi ndiye niliyekuwa namjibia

Safari tatu za kwanza kliniki ya afya ya akili mwanangu hakusema neno. Dokta anauliza, "Unalala vizuri?" nami nadakia, "Analala dokta, tena anapitiliza." Yeye, kijana wa miaka 17, amebanwa katikati yangu na baba yake mkubwa, kofia ya baridi kaishusha hadi kwenye nyusi, anasikiliza watu wazima wakimjadili kama gunia la viazi linalosubiri bei.

Tulikuwa tukitoka Mafinga alfajiri kwa Coaster, tunashuka Ipogolo, halafu bajaji hadi Iringa mjini, juu. Nauli alitoa baba mkubwa, kwa hiyo na maamuzi yalikuwa yake. Wa huku mnanielewa.

Kabla ya safari ya nne nilitoa godoro lake nilianike. Chini yake nikakuta vidonge vimefungwa kwenye karatasi ya daftari la hesabu. Nilivihesabu mara mbili: 31. Nilitaka kumpigia baba mkubwa palepale, simu haikuwa na salio, na leo nashukuru. Hadi jioni nilikuwa nimepoa. Tukiwa jikoni tunamenya viazi nikamuuliza, bila kumwangalia, dawa inamfanyaje.

"Ulimi unakuwa mzito, mama. Shingo inakaza. Darasani mate yananitoka, wenzangu wananiita..." Hakumalizia.

Haloperidoli, dawa aliyokuwa akipewa, inaweza kukaza misuli hivyo, na dokta ana la kufanya: kupunguza dozi, kubadilisha dawa, au kuongeza nyingine ya kulegeza. Lakini atajuaje, kama mama ndiye anayejibu kila swali? Safari ile nilimwomba dokta akae na kijana peke yake kwanza. Tulisubiri kwenye benchi karibu nusu saa, baba mkubwa akinung'unika kwamba mtoto hana siri. Walipotuita, dozi ilikuwa imepunguzwa, na mwanangu ndiye aliyetueleza atakavyomeza.

Kwa hiyo, mwenye kijana anayetibiwa, usiku wa kuamkia kliniki mpe daftari aandike mwenyewe kinachomsumbua na anachotaka kuuliza. Wangu aliandika mistari miwili tu. Ilitosha. Na yule anayetoa hela msimwache nyumbani. Aende, asikie kwa mdomo wa mgonjwa. Baba mkubwa alibadilika siku aliyosikia habari ya mate, si siku niliyomlilia mimi. Akikuletea ubishi, mwambie Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kusikilizwa na kushiriki katika maamuzi yanayogusa ustawi wake. Shemeji yangu huyu anaheshimu sana maandishi ya serikali.

Bibi yake alitaka maombi. Sikugombana naye, ila tulikubaliana kwamba maombi yaendelee na vidonge visikatishwe, maana kuacha ghafla kunaweza kurudisha ugonjwa kwa kasi. Msimu wa ulanzi ulipofika mjomba alimkaribisha kikombe "kimchangamshe". Pombe na dawa inayosinzisha haviendani, na ni kijana mwenyewe aliyekataa mbele za watu, kwa sababu safari hii dokta alikuwa amemweleza yeye.

Jambo moja halisubiri kikao cha ukoo: kijana akianza kusema anataka kufa au kujidhuru. Usimwache peke yake, ondoa sumu za shambani karibu naye, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Hatukubaliani kwa kila kitu. Mimi nilitaka walimu wote wajue hali yake. Yeye alikataa katakata. Tumebishana wiki nzima, na nilikuwa na uwezo wa kwenda shuleni kimyakimya. Sikwenda. Ameruhusu mwalimu mmoja tu ajue, wa darasa, na amemwambia mwenyewe.