Mkanda wa taimingi kukatika kwenye RAV4 ya 1998

Umeuliza kama injini ya RAV4 yako imekufa baada ya mkanda wa taimingi (ule unaozungusha kemshafti, mhimili unaofungua valvu) kukatika. Hapana, haijafa: ikiwa ni injini ya aina ya 3S-FE ya petroli, pistoni hazizifikii valvu hata kemshafti ikisimama ghafla, tofauti na injini za dizeli, ambazo kwa kawaida valvu zake hupinda papo hapo. Mkanda wa gari langu ulikatika nikipanda mtaa wa Nguba, hapa Bukavu, na fundi alipofungua kifuniko tulikuta mkanda umelowa mafuta ya injini kutoka kwenye sili (kizuizi cha mafuta) iliyokuwa ikivuja, meno yake yakimomonyoka vidoleni. Ndiyo maana nakusihi ubadilishe pia sili, tensheni (roli inayokaza mkanda) na pampu ya maji, kwa kuwa pampu hiyo huzungushwa na mkanda huohuo. Fundi aizungushe injini kwa mkono mizunguko 2 kamili, ahakikishe alama za taimingi zinalingana, ndipo apige stata.